Chevrolet Humeza T, Corvette Huitamka

Safu ya maswali ya toleo hili tumeitenga kwa jambo moja: majina ya magari ambayo Waingereza na Wamarekani waliyatunga kwa maneno ya Kifaransa. Matamshi tumeyaandika kwa herufi za Kiswahili. Silabi yenye mkazo iko katika herufi kubwa, na irabu iliyorudiwa huvutwa. "Zh" ni sauti ambayo Kiswahili hakina. Namna ya kuitoa imeelezwa katika jibu la tatu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuzaji wa magari. Gari la milango miwili lenye paa la kuteremka nyuma, mteja mmoja huliita "kupei", mwingine "kuup". Nani tumsahihishe?

JIBU: Msimsahihishe yeyote. Neno ni coupé, kutoka kitenzi cha Kifaransa couper, yaani kukata. Hapo mwanzo lilikuwa jina la gari la farasi lililokatwa sehemu ya mbele, kikaondolewa kiti kimoja, ikabaki safu moja tu ya abiria. Ile alama juu ya é ndiyo inayomwambia msomaji kwamba irabu ya mwisho ina sauti. Waingereza wameitunza sauti hiyo: KU-pei, mkazo mwanzoni. Wamarekani waliiacha alama, wakabaki na coupe, na neno likasomwa kama maneno mengine ya Kiingereza yanayoishia na e bubu: "kuup", silabi moja. Wapo Wamarekani wasemao ku-PEI, ila mkazo wao uko mwishoni.

Kwa neno la kawaida, basi, fuata ulimi wa mteja. Jina la modeli ni jambo jingine, maana lina mwenyewe. Cadillac Coupe de Ville, iliyotoka mwaka 1949, ni "kuup de VIL" hata kinywani mwa Mwingereza ambaye siku zote husema kupei, kwa sababu waliolibatiza gari hilo ni Wamarekani.

Tahadhari moja inatuhusu sisi peke yetu: ile i ya mwisho isikatwe. Ukisema "kupe" umemnadia mteja mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe.

SWALI: Kwa nini t ya Chevrolet haitamkwi na t ya Corvette inatamkwa, ilhali magari yote mawili ni ya kampuni moja? Kuna kanuni, au ni kukariri tu?

JIBU: Kanuni ipo, na ukiishika umemaliza zaidi ya nusu ya kazi. Katika Kifaransa, konsonanti iliyokaa mwisho kabisa wa neno kwa kawaida humezwa. Ikifuatwa na e, mambo hugeuka: konsonanti hutamkwa, na e ndiyo humezwa. Kwa hiyo usiitazame t. Tazama kama kuna e nyuma yake.

Chevrolet inaishia na t tupu, basi ni shev-ro-LEI kwa Wamarekani, SHEV-ro-lei kwa Waingereza. Ni jina la ukoo la Louis Chevrolet, dereva wa mbio za magari aliyezaliwa mwaka 1878 La Chaux-de-Fonds, sehemu ya Uswisi inayosema Kifaransa, kisha akaanzisha kampuni pamoja na William Durant huko Detroit mwaka 1911. Corvette ya 1953 ina t mbili na e nyuma: ko-VET. Hilo ni jina la manowari ndogo yenye mbio. Kwa jicho hilohilo, Chevette ni she-VET, na Vitesse, gari la Triumph la mwaka 1962 ambalo jina lake lina maana ya mwendo kasi, ni vi-TES. Silhouette, gari la familia la Oldsmobile lililouzwa tangu 1990 hadi 2004, ni si-lu-ET, na h yake haisikiki kabisa. Neno hilo ni jina la mtu pia: Étienne de Silhouette, aliyesimamia fedha za Ufaransa mwaka 1759. Jina lake ndilo liliishia kuwa jina la picha za kivuli.

Kanuni inafanya kazi kwa x vilevile. Grand Prix ni gron-PRII, x imemezwa. De Luxe ina e nyuma ya x, basi x inasikika: de-LAKS, au de-LUKS. Rendezvous ya Buick imemeza z katikati na s mwishoni: RON-dei-vu. Ile z iko katikati leo, lakini zamani ilikuwa mwisho wa neno, kwa kuwa rendez vous ni maneno mawili, amri ya kuwaambia watu wafike mahali fulani.

Kwenye Marquis ndipo watu wengi wanaojua Kiingereza vizuri wanapokwama. Cheo cha ukabaila kwa Kiingereza cha kawaida ni MA-kwis, s ikisikika waziwazi. Gari la Mercury lililoitwa Marquis, na baadaye Grand Marquis hadi 2011, ni ma-KII. Aliyesoma riwaya za Kiingereza atasema MA-kwis bila wasiwasi na atakuwa amekosea gari, ingawa neno amelitamka sawa. Angalia pia grand: kwenye Grand Prix imebaki na sauti ya puani, "gron", lakini kwenye Grand Marquis, Grand Am na Grand Cherokee ni "grand" ya Kiingereza, na d yake hutamkwa.

Ukitaka zoezi, chukua magari ya Lotus, kampuni ya Uingereza yenye mazoea ya kuchagua majina yanayoanza na E. Elite ya 1957 ni i-LIIT au ei-LIIT, kwa kuwa e iko nyuma ya t. Esprit ya 1976 ni es-PRII. Eclat ni ei-KLA. Elan ya 1962 ni i-LAN. Mfaransa angeipitisha ile an puani, Mwingereza ameamua kuitamka n kama n.

Sasa kasoro. Konsonanti nne, c, r, f na l, mara nyingi hukaidi kanuni na kusikika hata zikiwa mwisho. Ndiyo maana c ya Cadillac inatamkwa. Lakini r ikitanguliwa na e, kama katika cavalier, Mfaransa huimeza: ka-va-LYE. Vauxhall na Chevrolet, zote zilizouza gari liitwalo Cavalier, hazikumfuata. Kiingereza ni ka-va-LIA. Na Galant ya Mitsubishi huvunja kanuni mchana kweupe: ina t tupu mwishoni, Mfaransa angeimeza, lakini wasemaji wa Kiingereza husema ga-LANT.

Kosa tunalolisikia mara nyingi si la asiyejua kanuni, bali la aliyejifunza jana. Akishajua kwamba Wafaransa humeza, humeza kila kitu: "kove" badala ya ko-VET, "silue" badala ya si-lu-ET. Afadhali t ya ziada kwenye Chevrolet kuliko t iliyokatwa kwenye Corvette. Ya kwanza itaonekana ni lafudhi, ya pili ni maringo yaliyokosea njia.

SWALI: Mitsubishi Mirage ni "miraji" au "mirashi"? Nimesikia zote mbili.

JIBU: Hakuna hata moja, ila "miraji" iko karibu zaidi. Ni mi-RAAZH kwa Wamarekani, MI-raazh kwa Waingereza. Jina lenyewe ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana juu ya barabara wakati wa jua kali.

Sauti ya zh si ngumu kwa msemaji wa Kiswahili, kwa sababu ufundi wake anao tayari. Weka vidole viwili kooni. Toa "sssss", kisha bila kusogeza ulimi geuza iwe "zzzzz". Koo limeanza kutetemeka. Hicho ndicho kitu pekee kilichobadilika. Fanya hivyohivyo na "fffff" kuwa "vvvvv". Sasa toa "shhhhh", ulimi na midomo vibaki palepale, kisha washa mtetemo wa koo. Kinachotoka ni zh. Ikitoka j, ulimi umegusa kaakaa. Urudishe nyuma kidogo uache hewa ipite bila kukatika. Kipimo ni pumzi: zh unaweza kuivuta sekunde tano mfululizo, j huwezi.

Bentley Arnage ya 1998 hufuata njia hiyohiyo: a-NAAZH. Lakini Aston Martin Vantage ni VAAN-tij, na hapo zh ni kosa. Tahajia ya mwisho ni ileile, -age, ila umri wa mkopo si mmoja. Vantage ni neno lililoingia Kiingereza katika Zama za Kati, pamoja na maneno kama village na message, likapata muda wa kuzoea: mkazo ukahamia mwanzoni, mwisho ukalegea ukawa "ij". Mirage ni mgeni wa karne za karibuni, bado amevaa nguo za safari.

Neno garage limesimama katikati ya njia. Wamarekani husema ga-RAAZH. Waingereza hugawanyika kati ya GA-raazh na GA-rij. Gereji yetu ilichukuliwa kwa hao wa GA-rij, ndiyo sababu ina j na haina zh. Anayesema gereji akizungumza Kiswahili hajakosea neno la Kifaransa; anasema Kiswahili.

SWALI: Tumefundishwa kwamba ch ya Kifaransa ni sh. Mbona basi Dodge Charger haiitwi "Shaja"?

JIBU: Tena ni suala la umri. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu baada ya hapo, ch katika Kifaransa ilitamkwa kama ch yetu ya "chai". Maneno yaliyovuka bahari wakati huo yakabaki nayo: charge, challenge, champion. Baadaye Wafaransa wenyewe wakabadilika, ch yao ikalainika ikawa sh, na maneno yaliyokopwa baada ya mabadiliko hayo yakaingia na sh: chauffeur, chassis, Chevrolet, charade. Kwa hiyo Charger na Challenger ni ch, Chevelle ni she-VEL, na Corniche, gari la Rolls-Royce la mwaka 1971, ni ko-NIISH. Jina hilo lina maana ya barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima kandokando ya bahari.

Avalanche, pikapu ya Chevrolet, haimo katika hesabu hii. Ni mkopo wa karne ya 18, kwa haki ingekuwa na sh, lakini Wamarekani waliisoma kama ilivyoandikwa: A-va-lanch. Kariri tu.

Chassis yenyewe ina mtego mdogo kwa watu wa gereji wanaoandika au kuzungumza Kiingereza. Umoja na wingi huandikwa sawasawa. Umoja hutamkwa SHA-si, s ya mwisho imemezwa; wingi hutamkwa SHA-siz. Katika Kiswahili endelea na chasisi yako.

Na Charade ya Daihatsu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977? Ni sha-RAAD Uingereza na sha-REID Marekani. Zote mbili zimo kwenye kamusi.

SWALI: Nikitamka majina haya naongeza irabu mwishoni bila kujua: Koveti, Kadilaki. Je, ndiyo sababu wageni hawanielewi?

JIBU: Irabu ya nyongeza si tatizo kubwa kama unavyodhani. Tatizo ni mkazo, na irabu hiyo huusogeza wakati mwingine tu.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ko-VET ikiongezewa i huwa ko-VE-ti, na mkazo umebaki palepale ulipotakiwa. Msikilizaji wa Kiingereza ataelewa mara moja. Vivyo hivyo mi-RAAZH ikiwa mi-RA-ji. Majina ya Kifaransa yenye mkazo mwishoni yanatuvumilia sana kwa sababu hiyo. Shida iko kwa yale ambayo Kiingereza kimeyapeleka mkazo mwanzoni. KA-di-lak ikiwa ka-di-LA-ki, mkazo umeruka silabi mbili, na hapo mtu hulazimika kuuliza tena. BO-na-vil ikiwa bo-na-VI-li, hivyohivyo.

Basi kwa jina lenye mkazo mwanzoni, kata irabu ya mwisho, hata kama ni kwa kufunga mdomo ghafla kwenye konsonanti. Kwa jina lenye mkazo mwishoni, usijisumbue.

Kuna kosa la upande wa pili. Jina linaloishia na irabu halisi, kama shev-ro-LEI au ma-KII, sisi huuvuta mkazo nyuma: "she-VRO-lei", "MA-ki". Dawa ni kuivuta irabu ya mwisho iwe ndefu mara mbili ya kawaida. Ukiirefusha, mkazo huja wenyewe.

SWALI: Ninatangaza mbio za magari redioni. Naomba mnisaidie na Le Mans, na yale majina yote yanayoanza na Le.

JIBU: Mji wa Ufaransa, na mbio za saa 24 zinazofanyika hapo tangu 1923, ni "le MON". S haitamkwi. Irabu ni ya puani: anza kusema "mo", acha nusu ya pumzi itoke puani, na ulimi usipande kugusa n. Ukishindwa, n nyepesi inatosha hewani; Waingereza wengi huitia. "Le" ni fupi na dhaifu, isikae kama silabi nzito ya Kiswahili. Kosa la kuepuka ni "Le Mansi".

Hata hivyo Pontiac walikuwa na gari walilolibatiza LeMans, na Wamarekani wengi huliita le-MANZ, s ikisikika kama z. Ukitangaza mbio, sema le MON. Ukilitaja gari hilo, le-MANZ haitakuwa kosa. Mbio ni za Wafaransa, gari ni la Wamarekani.

Chrysler LeBaron ni le-BA-ron, na Buick LeSabre ni le-SEI-ba. Mfaransa hawezi kuyatambua haya kwa sikio, maana baada ya "le" kila kitu ni Kiingereza kitupu. Ni "le" ya pambo, kama kilemba juu ya kofia.

Kwa kuwa uko kwenye mbio: Arnage na Mulsanne za Bentley ni majina ya sehemu za njia ya Le Mans, kona na barabara ndefu iliyonyooka. Bentley walishinda hapo mwaka 1924, kisha mfululizo kuanzia 1927 hadi 1930, basi wana haki ya kujisifu. Mulsanne ni mal-SAN kwa Kiingereza. Ile u ya Kifaransa, inayotolewa kwa kubana midomo kama ya u huku ulimi ukisema i, huna haja nayo.

Bonneville, jina la Pontiac na la pikipiki ya Triumph ya 1959, lina sura ya Kifaransa lakini halikutoka Ufaransa moja kwa moja. Ni uwanda wa chumvi wa Utah ambako rekodi za kasi huwekwa, ulioitwa kwa jina la Benjamin Bonneville, ofisa wa jeshi la Marekani aliyezaliwa Ufaransa. BO-na-vil.

SWALI: Binti yangu anasoma Kifaransa, na kila nikisema Kadilak ananiambia, "Baba, ni kadiyak." Ana haki?

JIBU: Ana haki darasani. Katika Kifaransa ll baada ya i mara nyingi huwa y, na Antoine de la Mothe Cadillac, aliyeanzisha mji wa Detroit mwaka 1701, angeitikia "kadiyak". Lakini gari lililoanza mwaka 1902 kwa jina lake ni bidhaa ya Marekani, na waliolitengeneza, wanaoliuza na wanaolitangaza husema KA-di-lak. Mwulize binti yako mji wenyewe anauitaje. Détroit ni Kifaransa, mlango wa bahari au mto, na Mfaransa husema de-TRWA. Hakuna mtu anayesema gari limeundwa "Detrwa".

Hapo ndipo tunapolitilia mkazo jambo hili kuliko mengine yote: jina la gari hutamkwa kwa namna ya walioliweka sokoni, hata kama neno lilianza safari yake Paris. Versailles ni mfano mzuri. Gari la Lincoln la mwaka 1977 hadi 1980 ni ve-SAI, karibu na Kifaransa. Mji wa Versailles ulioko Kentucky, Marekani hiyohiyo, wenyeji huuita ve-SEILZ. Talbot ina nyumba mbili: kampuni ilianza London mwaka 1903 kwa msaada wa kabaila mwenye jina hilo la ukoo, na kwa Waingereza ni TOL-bot, t zote zikisikika, tawi la Ufaransa lilikuwa tal-BO. Na ukienda kuona makumbusho ya taifa ya magari ya Uingereza, kijiji yalipo kinaandikwa Beaulieu, mahali pazuri kwa Kifaransa, lakini ukiuliza njia sema BYU-li, la sivyo utaonekana umepotea kweli.

Kifaransa cha binti yako, hata hivyo, si cha kupuuza. Buick walipoleta LaCrosse, waligundua kwamba katika lugha ya mtaani ya Quebec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, neno hilo lina maana ya aibu ambayo hatutaiandika hapa. Kanada ikauziwa gari hilohilo kwa jina la Allure kwa miaka kadhaa. Lugha ya asili haiamui matamshi, lakini inaweza kumfanya mnunuzi acheke.

SWALI: Nikikutana na jina ambalo hamkulitaja, nitajuaje?

JIBU: Fungua kamusi nzuri ya Kiingereza yenye alama za matamshi. Unahitaji kujua tano tu. Alama ndogo ya wima iliyo juu, ˈ, husimama kabla ya silabi yenye mkazo, si baada yake. Wengi huisoma kinyume. ʒ inayofanana na tarakimu 3 ni zh, na ʃ ni sh. Nukta mbili, ː, huvuta irabu. ə ni irabu dhaifu isiyo a wala e, ile ya "le" na "de". Coupé utaikuta ˈkuːpeɪ, na sasa unaweza kuisoma.

Kamusi haitakusaidia kwa majina ya kubuni. Hapo sikiliza tangazo la kampuni lililorekodiwa katika nchi ya gari lenyewe. Lililorekodiwa kwingine linaweza kuwa na matamshi ya huko.

SWALI: Peugeot?

JIBU: Waingereza PAA-zho, Wamarekani pu-ZHO. Kwa Kiswahili Pijo, na haina ubaya. Renault ni RE-no kwa Waingereza: -ault yote ni o moja, kama -eau.

SWALI: Evoque, Volaré na Brougham: hayo nayo ni Kifaransa?

JIBU: Evoque ya Range Rover, iliyotoka 2011, ni neno la Kiingereza evoke lililovalishwa -que ya Kifaransa: i-VOUK, silabi mbili, wala si "evokwe". Volaré ya Plymouth ni Kitaliano, kuruka angani. Kitaliano hakiweki alama hapo, waliiweka Wamarekani ili e isimezwe. Brougham ni jina la bwana mmoja wa Uingereza, Henry Brougham, aliyeundiwa gari la farasi la namna hiyo. Utasikia "bruum", BRU-am na BROU-am. Magari ya Marekani yaliyobandikwa jina hilo hupendelea mbili za mwisho. Gh haitamkwi katika yoyote.